Swichi tano na waya mmoja wa eathi

Viwiko ndivyo vilivyoanza kulalamika. Mwaka 1962, vijana wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, kule Marekani, walikuwa wakikesha mbele ya kompyuta ya PDP-1 wakicheza mchezo walioutunga wenyewe. Waliuita Spacewar: vyombo viwili vya angani vinawindana kuizunguka nyota, na asiyekuwa mwangalifu anavutwa na nyota hiyo akateketea. Mashine iliuzwa kwa dola 120,000 za wakati huo, lakini haikuwa na kitu chochote cha kuchezea. Wachezaji waliendesha vyombo vyao kwa swichi za paneli, zile zilizowekwa kwa ajili ya kujaribia mashine. Zilikaa vibaya kwa mkono, na skrini ilikuwa upande mmoja, hivyo mmoja aliona vizuri kuliko mwenzake. Baada ya saa chache, mikono inauma na ugomvi umeanza.

Alan Kotok na Bob Saunders, wanachama wa klabu ya chuo ya kutengeneza reli za mfano, hawakungoja kiwanda. Walichukua mbao, waya na swichi za klabu yao wakaunda visanduku viwili vya kushika mkononi, kila mchezaji na chake. Swichi moja ilizungusha chombo, nyingine ikakisukuma mbele, na kitufe cha kufyatulia risasi kilichaguliwa kile kisichotoa mlio, ili adui asikusikie unapobonyeza.

Kwa hiyo, katika michezo ya kompyuta, kishikio cha kujitengenezea kimeitangulia joistiki ya dukani kwa miaka mingi. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba anayekata plaiwudi na kulehemu waya ili acheze kwenye kompyuta ya miaka 40 iliyopita anaigiza tu, kwamba kitu halisi ni kile kilichotoka kiwandani na nembo yake. Historia inasema kinyume. Viwanda ndivyo vilivyowafuata mafundi wa nyumbani.

Kompyuta nitakayoitolea mfano ni Commodore 64, iliyoingia sokoni Agosti 1982 kwa dola 595. Ilikuwa kibodi nene ya rangi ya udongo, isiyo na skrini yake. Mwenye nayo aliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64. Simu yenye gigabaiti 2 tu za RAM, ambayo leo watu wanailalamikia kuwa nzito, inaizidi zaidi ya mara 30,000. Hata hivyo ziliuzwa zaidi ya milioni 12, na kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitambua kuwa modeli ya kompyuta iliyouzwa zaidi kuliko zote. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1994. Mashine zake hazikufa nayo. Nyingi bado zinawaka, zinapiga muziki wake wa sauti tatu, na wapenzi wake kule Ulaya na Marekani bado wanaziandikia michezo mipya.

Kilichokufa ni joistiki. Hicho ndicho kifaa kilichopigwa, kuvutwa, kuangushwa na kumwagiwa soda. Chukua ile iliyoenea kuliko zote, ya Atari, modeli CX40, nyeusi yenye kitufe chekundu pembeni. Ukifungua skrubu zake nne unakuta kibao kidogo cha saketi chenye vibati vya chuma vilivyobinuka kama kuba, vimefunikwa kwa utepe wa plastiki, na juu yake kiungo cheupe cha plastiki kinachosukuma vile vibati mkono unapoinamisha mpini. Basi, ni hayo tu. Kiungo kile cheupe ndicho kinachopasuka, na kikipasuka mpini unalegea na mchezaji anahama njia bila kutaka.

Mwaka 1984 kampuni ya Ocean ya Manchester ilitoa Daley Thompson's Decathlon, mchezo wa riadha uliobeba jina la bingwa wa Olimpiki wa Uingereza. Ili mkimbiaji akimbie, ulitakiwa kuupeleka mpini kushoto na kulia kwa kasi kadiri mkono unavyoweza, mbio baada ya mbio. Hadi leo Waingereza wa rika lile wakiutaja mchezo huo wanakumbuka kwanza joistiki zilizovunjika, halafu medali. Joistiki ya plastiki haikuundwa kwa adhabu ile. Ya mbao yenye bolti ya milimita 8 inaivumilia.

Sasa tuangalie kompyuta inasoma nini hasa kutoka kwenye kifaa hiki, maana hapo ndipo penye utamu.

Ubavuni mwa Commodore 64 kuna matundu mawili yenye pini tisa kila moja, tano juu na nne chini. Pini ya 1 ni juu, ya 2 chini, ya 3 kushoto, ya 4 kulia. Ya 6 ni kitufe cha kufyatulia. Ya 8 ni eathi. Zilizobaki hazihusiki na joistiki ya kawaida: ya 5 na ya 9 ni za vishikio vya kuzungusha, na ya 7 inatoa volti 5, nayo tutairudia kwa sababu ndiyo inayoua. Ndani ya mashine, chipu iitwayo 6526 inashikilia kila waya wa mwelekeo katika hali ya juu ya umeme. Unapoinamisha mpini, swichi inaunganisha waya ule na eathi, hali inashuka, na kompyuta inajua umeinamisha upande gani. Ndani ya joistiki hakuna betri, hakuna chipu, hakuna programu. Kuna swichi tano na eathi moja inayozihudumia zote.

Mpangilio huo wa pini haukubuniwa na Commodore. Ulitoka kwa Atari, kwenye mashine yake ya michezo ya mwaka 1977. Commodore, mshindani mkali wa Atari, aliuchukua ulivyo. Ukaendelea hadi kwenye kompyuta za Amiga na Atari ST za mwaka 1985. Joistiki moja ilihama nyumba hadi nyumba, chapa hadi chapa, na ikafanya kazi. Waliotumia matundu hayo walikuwa mahasimu wa kibiashara, lakini mtoto aliyenunua joistiki hakuulizwa ni wa kambi gani. Linganisha na hali ya leo, ambapo kishikio cha mashine moja ya michezo kinakataa kuongea na mashine ya jirani mpaka chipu za pande zote mbili zitambuane. Mimi naona tumerudi nyuma katika hili, na sioni haya kulisema.

Tahadhari moja tu: tundu la pini tisa si dhamana kwamba mpangilio ni uleule. Kompyuta za MSX, zilizopendwa Japani na kwingineko, zina umbo hilohilo la tundu lakini eathi yao iko pini ya 9, na volti 5 ziko pini ya 5. Soma mchoro wa mashine yako kwanza.

Pahali ambapo joistiki ya nyumbani ilikuwa jambo la lazima kuliko burudani ni Ulaya ya Mashariki ya miaka ya 1980. Katika Chekoslovakia, kompyuta za nyumbani zilikuwa adimu madukani. Wengi walizipata kwa jamaa waliosafiri Magharibi, au kwenye maduka ya Tuzex, ambako mtu alinunua kwa vocha zilizotokana na fedha za kigeni. Aliyebahatika kupata ZX Spectrum ya Uingereza alikuwa ameshamaliza akiba yake. Joistiki ingetoka wapi? Vijana walikutana kwenye klabu za Svazarm, jumuiya ya kiraia iliyoshirikiana na jeshi na iliyokuwa na klabu za redio, ndege za mfano na baadaye kompyuta. Huko walibadilishana michoro ya saketi na kujengeana vifaa. Mtafiti Jaroslav Švelch ameuandikia ulimwengu huo kitabu kizima, kilichochapishwa na MIT Press mwaka 2018, na joistiki za kujitengenezea zina nafasi yake humo. (Kinachochekesha ni kwamba mchezo wa Kicheki unaokumbukwa zaidi leo, ule wa mwaka 1989 unaompeleka Indiana Jones katikati ya polisi waliokuwa wakiwapiga waandamanaji Prague, ni wa maandishi matupu. Unauchezea kwenye kibodi.)

ZX Spectrum iliwapa kazi ya ziada, kwani haikuwa na tundu la joistiki kabisa. Sinclair, mtengenezaji wake, aliiuza kwa pauni 125 kuanzia Aprili 1982, na bei hiyo ilipatikana kwa kuondoa kila kilichoweza kuondolewa. Lakini angalia bahati. Kibodi ya Spectrum imegawanywa katika makundi manane ya vitufe vitano vitano, na vitufe vya 6, 7, 8, 9 na 0 viko kundi moja. Maana yake, vitufe hivyo vitano vina waya mmoja wa pamoja na waya mmoja kwa kila kitufe: jumla waya sita, idadi ileile ya joistiki ya Atari. Fundi aliyeunganisha swichi zake sambamba na vitufe hivyo alikuwa amemaliza. Kompyuta iliamini mtu anabonyeza kibodi, na michezo mingi ilikubali 6 kuwa kushoto, 7 kulia, 8 chini, 9 juu na 0 kufyatua, kwa sababu Sinclair mwenyewe alipotoa kifaa chake cha kuunganishia joistiki mwaka 1983 alitumia vitufe hivyohivyo.

Sasa twende kwenye meza ya kazi, tuunde joistiki yetu wenyewe.

Anza na swichi. Fundi anayejua atakwambia utafute zile ndogo zenye mlio wa tik, zenye miguu mitatu, kwa sababu zinafungana mahali palepale kila mara na zinavumilia mamilioni ya mibonyezo. Zimo kwenye vitu vingi vilivyoharibika. Milango ya oveni za maikrowevu inazo, lakini usizifuate huko kama hujui unachofanya: kapasita ya oveni ile hubaki na umeme mkali hata ikiwa imechomolewa ukutani. Chimbo salama ni kipanya cha kompyuta kilichokufa. Kila kimoja kina mbili nzuri, ya kubofya kushoto na ya kubofya kulia, kwa hiyo vipanya vitatu vinakupa swichi zote tano na moja ya akiba. Mguu mmoja wa swichi ni wa pamoja, mmoja hufunga unapobonyeza, na mmoja hufunguka unapobonyeza. Unautaka ule wa pamoja na ule unaofunga. Mita itakuonyesha upi ni upi. Usikisie kwa kuangalia, kwani watengenezaji hawapangi miguu kwa namna moja.

Mwili wa joistiki ni kisanduku cha mbao. Kiwe kizito kiasi cha kukaa juu ya meza bila kuteleza, na kipana kiasi cha kukilaza pajani. Gundi vipande vya kandambili iliyochakaa chini yake, haitahama. Juu weka plaiwudi ya milimita 6 na utoboe tundu katikati.

Mpini ndio moyo wa kazi. Njia rahisi na imara niipendayo ni hii: bolti ndefu ya milimita 8, juu yake mpini wa tupa au kipande cha mti kilichochongwa kikakaa vizuri kiganjani. Bolti hiyo ipite katikati ya kipande cha mpira mnene, kama ule wa ukuta wa tairi la gari, kilichobanwa kati ya washa mbili kubwa na nati zake. Kipande hicho cha mpira kipigiliwe au kifungwe kwa skrubu chini ya plaiwudi. Kinafanya kazi mbili kwa mpigo. Ni bawaba inayoruhusu mpini kulala upande wowote, na ni springi inayourudisha katikati ukiuachia. Mpira mwembamba wa tyubu utalegea upesi. Mnene kupita kiasi utakuchosha kifundo cha mkono. Jaribu kwa mkono kabla hujafunga chochote.

Ncha ya chini ya bolti inaning'inia ndani ya kisanduku, na kuizunguka unapanga swichi nne, kila upande moja. Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo. Mpini unapokwenda mbele, ncha yake ya chini inarudi nyuma. Swichi ya juu, basi, ni ile iliyo karibu na tumbo lako, na ya chini ni ile ya mbali. Ya kushoto iko kulia na ya kulia iko kushoto. Andika kwa penseli ubaoni kabla ya kulehemu.

Umbali kati ya ncha na swichi ndio unaotofautisha joistiki nzuri na takataka. Milimita 2 au 3 zinatosha. Ukiacha nafasi kubwa, mchezaji anasukuma na kusukuma kabla mhusika hajasogea, na katika mchezo wa kasi hiyo ni kifo. Ukibana mno, mpini ukitikisika kidogo mhusika anakwenda asikotaka. Lakini mtihani wa kweli ni pembe. Kompyuta hizi hazina swichi ya kwenda juu-kulia. Mwelekeo huo unapatikana pale swichi ya juu na ya kulia zinapofunga kwa pamoja. Ncha nyembamba ya bolti itapenya kati ya swichi mbili bila kugusa hata moja. Ivalishe kipande cha bomba la plastiki au washa pana, ili ikienda pembeni iguse zote mbili.

Michezo mingine inategemea pembe hizo kufa na kupona. Katika toleo la Commodore 64 la International Karate, la mwaka 1986, mpiganaji ana mienendo kwa kila mmoja wa mielekeo minane, na mingine minane ukishikilia kitufe cha kufyatulia. Swichi tano zinatoa mapigo na mikwepo ya karate nzima. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huo wa waandishi wa programu kukamua kila tone kutoka kwenye kifaa duni. Joistiki isiyoshika pembe inakunyang'anya nusu ya silaha.

Tundu la plaiwudi unapopitia mpini nalo lina kazi: ndilo linalousimamisha kabla haujaponda swichi. Wengine hulichonga mraba, na mpini ukijikunja kwenye kona unajua bila kuangalia kwamba umefika pembe. Wengine hulitaka la duara. Mimi niko upande wa mraba, hasa kwa anayeanza.

Kitufe cha kufyatulia hakihitaji hekima kubwa, isipokuwa moja. Joistiki ya Atari ilikiweka kwenye kona ya juu kushoto, kwa kuamini kwamba kila mtu atashika mpini kwa mkono wa kulia. Wenye mkono wa kushoto waliteseka kimyakimya kizazi kizima. Kwenye kisanduku chako weka vitufe viwili, kushoto na kulia, vyote vikienda kwenye pini moja ya 6. Kompyuta haitajua tofauti. Na hapa ndipo joistiki ya nyumbani inapokuwa zaidi ya mbadala wa ya dukani. Kwa mtu mwenye mkono mmoja, kitufe kinaweza kuwa kanyagio la mguu. Kwa mtoto ambaye vidole vyake havina nguvu, mpini unaweza kufutwa kabisa, zikawekwa swichi tano pana za kusukumwa kwa kiganja. Mashine haijali swichi imefungwa na nini, mradi waya umefika eathi. Kiwanda kinachotengeneza kwa mamilioni hakiwezi kumfikiria mtu mmoja. Fundi wa mtaani anaweza.

Waya na plagi. Waya wa kipanya hautoshi, una nyaya nne tu ndani na wewe unahitaji sita. Suluhisho tamu ni kebo ya zamani ya modemu au mizani ya dukani, ile yenye plagi ya pini tisa: upande wenye matundu unaingia moja kwa moja kwenye Commodore, tayari umeshalehemiwa kiwandani. Ikate katikati, chuna ncha, na upime kwa mita waya upi unatoka tundu lipi. Hakikisha nyaya sita unazozihitaji zipo zote, kwani baadhi ya kebo hizo ziliachwa na nyaya pungufu. Skrubu zake za pembeni hazina pa kujifunga kwenye Commodore, zing'oe, na ikiwa plastiki ya plagi inagombana na tundu la jirani, ipunguze kwa kisu.

Ukiamua kulehemu plagi yako mwenyewe, kumbuka kwamba namba za plagi yenye matundu zinasomeka kinyume ukiitazama usoni. Ukiigeuza ukatazama upande wa kulehemu, zinakaa kama zilivyo kwenye uso wa tundu la kompyuta: 1 hadi 5 juu kutoka kushoto, 6 hadi 9 chini. Nyingi zimeandikwa namba ndogo sana kwenye plastiki. Wasaa wa kutafuta miwani hautapotea bure. Lehemu waya mmoja unaopita kwenye miguu ya pamoja ya swichi zote na uupeleke pini ya 8. Kisha kila swichi na waya wake. Fundi umeme atauliza kuhusu mdundo, kwamba chuma kikigusana huwa kinadundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Ni kweli, ila michezo mingi ya mashine hizi husoma joistiki mara moja kwa kila picha ya televisheni, mara 50 kwa sekunde Ulaya, na mdundo huo kwa kawaida umeshakwisha. Kwa kazi hii, uache.

Kupima ni raha yenyewe. Washa Commodore joistiki ikiwa kwenye tundu la 2, kisha andika programu ya mistari miwili:

10 PRINT PEEK(56320)
20 GOTO 10

Skrini itajaa namba 127. Sukuma juu, inakuwa 126. Chini, 125. Kushoto, 123. Kulia, 119. Fyatua, 111. Ukitoa kila moja kwenye 127 unapata 1, 2, 4, 8 na 16, nazo ndizo thamani za swichi zako tano. Kwa hiyo juu na kulia kwa pamoja, 1 na 8, lazima zikupe 118. Ukisukuma pembe hiyo na skrini ikaonyesha 126 au 119 pekee, rudi kwenye ile washa ya ncha. Hakuna jumla mbili zinazofanana, ndiyo maana namba moja inatosha kueleza hali ya swichi zote. Mwenye kompyuta ya Atari 800 atapata jambo lilelile kwa amri STICK(0): 15 ikiwa imetulia, 14 juu, 13 chini, 11 kushoto, 7 kulia.

Kwa nini tundu la 2 na si la 1? Kwa sababu tundu la 1 linatumia njia zilezile za kibodi. Ukitikisa mpini humo wakati wa kuandika programu, herufi zisizo na maana zinajitokeza, na kitufe cha kufyatulia kinaonekana kama nafasi tupu. Michezo mingi ya mchezaji mmoja ilikimbilia tundu la 2 kuepuka fujo hiyo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza atauliza kwamba Commodore zenyewe ataziona wapi. Swali la haki. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya serikali yenyewe kuchomwa na mradi wa kuweka hesabu zake kwenye mashine. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Na kompyuta ya nyumbani ilihitaji televisheni: Zanzibar ilikuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, mwaka uleule Commodore ilipofilisika. Enzi nzima ya mashine hizi ilipita sisi tukiwa nje ya mlango.

Hilo halimzuii mtu leo. Programu ya bure iitwayo VICE inaigeuza kompyuta mpakato ya kawaida kuwa Commodore 64. Kati ya joistiki yako na tundu la USB unaweka kibao kidogo cha Arduino, aina ya Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4 inayoweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa kishikio cha michezo. Swichi tano zinakwenda kwenye miguu mitano ya kibao, eathi kwenye eathi, na kwenye programu unaamuru miguu hiyo ishikiliwe juu kutoka ndani, kama ilivyofanya chipu ya mwaka 1982. Kisanduku hakibadiliki hata skrubu moja. Mwalimu wa fizikia anayetafuta kazi ya mikono kwa kidato cha tatu atapata humo swichi, saketi sambamba, mfumo wa namba za jozi na useremala kidogo, kwa vitu ambavyo vingi vyake viko tayari kwenye boksi la taka za ofisi.

Ila kama Commodore halisi imekufikia, kwa shangazi aliyerudi kutoka Ujerumani au kwa mnada wa mtandaoni, iheshimu. Izime kabla ya kuchomeka au kuchomoa joistiki. Usiguse pini za tundu kwa kidole, kwani cheche ndogo ya umeme wa mwilini, hasa baada ya kutembea kwenye zulia, inatosha kuiua chipu ya 6526. Usichomeke kishikio cha mashine ya michezo ya Sega Mega Drive eti kwa sababu plagi inaingia. Kina chipu ndani yake na hakikuundwa kwa tundu lile. Pini ya 7 iache bila waya wowote, maana volti zake 5 zikikutana na eathi ya pini ya 8 unaupiga shoti umeme wa mashine nzima. Na kabla ya siku ya kwanza, weka mita kati ya 7 na 8 kwenye plagi yako, kisha uuchezeshe mpini pande zote huku ukibonyeza vitufe vyote. Mita ikilia hata mara moja, usichomeke. Huna mita? Fundi redio wa mtaani kwako anayo, mpelekee kisanduku akupimie.